Msaada wa Nani Unahesabiwa?

Katika miaka yake ya mwisho George Lilanga hakuweza tena kusimama mbele ya picha. Kisukari kilikuwa kimesababisha akatwe miguu. Fundi huyu wa Kimakonde, mzaliwa wa Masasi mwaka 1934, hakupita chuo chochote cha sanaa. Alijifunza kuchonga kwa watu wa kwao, akaingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kama mlinzi, na mwishowe akawa mmoja wa wasanii wa Tanzania wanaojulikana zaidi duniani. Aliendelea kufanya kazi karibu na kifo chake mwaka 2005, na aliweza kwa sababu karakana yake ilikuwa na watu: ndugu na vijana waliojifunza kwake, wakiandaa bodi, wakijaza rangi. Baadhi yao walianza naye angali akitembea. Hata hivyo kazi za mwisho ndizo zinazotiliwa shaka zaidi: hii ni yake kweli, au ni ya wale waliomsaidia?

Shaka hiyo ina haki yake. Anayelipa fedha nyingi anataka kujua ananunua nini, na soko la picha za Kitanzania halikosi ujanja. Lakini angalia inajitokeza lini. Picha za mtindo wa Tingatinga zimetoka tangu mwanzo katika mikono ya jamaa wanaokaa pamoja. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, kwa bodi na rangi za mafuta za madukani, bila mwalimu. Kabla hajauawa kwa risasi mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuwakusanya ndugu na marafiki wakimsaidia huku wakijifunza. Mmoja anapaka rangi ya nyuma, mwingine anachora chui, mwingine anatia madoa. Sijasikia mtu akisema Tingatinga hakuwa msanii kwa kuwa alisaidiwa.

Msaada, basi, umo katika kila karakana, na kwa kawaida hatuuoni. Tunauita kazi, au uanagenzi, au undugu. Unaanza kuonekana na kupimwa pale tu aliyeketi katikati ya karakana anapokuwa mtu mwenye ulemavu. Hapo ndipo watu hutaka kujua nani ameshika brashi kwa muda gani, na kama aliyeshikiwa anastahili kuitwa msanii. Ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu hauna sura ya matusi na mawe peke yake. Sura yake ya kila siku, ya kistaarabu kabisa, ni huko kuhesabu msaada wa mmoja na kuusahau wa mwingine.

Milima ya Upare ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ina historia mbili zinazogongana. Ya kwanza ni ya chuma. Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa milima hiyohiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya siasa ya Wapare, aliandika simulizi za Ugweno zinazoutaja ukoo wa Washana, wahunzi, kuwa ndio waliokuwa na nguvu kabla ya Wasuya kuwapindua. Chuma chao kilifika Uchagani na Umasaini. Na uhunzi hauwezekani kwa mtu mmoja. Kuna anayechoma makaa, anayevuta mivukuto, anayeshika koleo, anayepiga nyundo. Jembe likitoka ni jembe la Washana, na hakuna anayemwambia mwenye nyundo kwamba alibebwa na mwenye mivukuto. Vyungu navyo, ambavyo Upareni ni kazi ya wanawake, vinapita kwa wachimba udongo, wafinyanzi na waokota kuni kabla havijafika mnadani. Ufundi wa asili wa mahali hapa ni ufundi wa pamoja. Mgeni hakuja kutufundisha hilo kwa semina.

Ya pili ni ya jiwe la Malameni. Jiwe hilo liko Mbaga, Upare ya Kusini, na leo ni kituo cha utalii wa kitamaduni. Wenyeji husimulia kwamba hadi miaka ya 1930 watoto walitolewa kafara hapo ili kuondoa mikosi. Katika jamii nyingi za ukanda huu, Wapare wakiwamo, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, naye alihesabiwa nuksi kwa ukoo mzima. Mtoto huyo hakuwa na ulemavu wowote. Meno yalikuja kwa mpangilio usiotarajiwa, basi. Ndiyo maana namtaja: anaonyesha kwamba ubaguzi hauhitaji mwili ulioshindwa kufanya kitu. Unahitaji watu wanaouangalia mwili wa mwenzao na kuusoma kama barua iliyoandikiwa wao.

Usomaji huo haujaisha. Mama aliyejifungua mtoto mwenye mguu uliopinda bado anaulizwa alimkosea nani. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa, na watu walioamini kuwa mifupa yao ina utajiri. Na hata sifa inaweza kuwa usomaji wa namna hiyo. Ukisema fulani anachora vizuri “licha ya hali yake”, umekwisha kuigeuza picha kuwa habari ya mwili wake. Wasikilizaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa miaka mingi walisubiri taarifa ya habari kwa mlio wa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mtu asiyeona, aliyezipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, kazi ambayo kwa kawaida ingetaka kundi zima. Wengi waliijua sauti kabla ya kujua habari za macho yake. Nadhani hiyo ilikuwa bahati kwa muziki wake, kwani masikio yalifika kwanza na huruma ikakuta kiti kimeshakaliwa.

Sasa tushuke kwenye taasisi. Shule na vituo vya watu wenye ulemavu Tanzania vilianzishwa kwa sehemu kubwa na makanisa: Buigiri, Dodoma, kwa wasioona mwaka 1950, Tabora kwa viziwi mwaka 1963, Irente, Lushoto, kwa wasioona mwaka huohuo wa 1963. Walutheri wakafungua shule ya viziwi Mwanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kukawa na chuo cha mafundi wa viungo bandia. Chukua ramani uweke kidole Maore, huku chini kwenye mpunga, upande wa mashariki wa milima, halafu fuata njia ya mtoto. Asiyesikia anapelekwa Mwanga. Asiyeona anavuka kwenda Usambara. Aliyekatwa mguu, na siku hizi bodaboda zinachangia sana, anakwenda Moshi. Sikio Mwanga, jicho Lushoto, mguu KCMC. Kila kituo kimefanya kazi kubwa na sitaki kuidharau, lakini mgawanyo wenyewe una matokeo yake. Wanaofahamiana shuleni ni viziwi kwa viziwi na wasioona kwa wasioona. Wanaporudi kijijini kila mmoja ni wa peke yake, na jirani zake wasio na ulemavu hawajawahi kufanya naye kazi hata siku moja.

Serikali nayo ilikwenda kwa mwendo huo. Mwaka 1982, baada ya mwaka wa kimataifa wa watu wenye ulemavu, Bunge lilipitisha sheria mbili: moja ya ajira, nyingine ya matunzo. Kazi au kutunzwa. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayomtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Mwaka mmoja kabla yake Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 30 ya mkataba huo haitajwi sana kwenye warsha zetu. Inazitaka nchi ziwawezeshe watu hawa kukuza vipaji vyao vya ubunifu na sanaa, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito wake: jamii ndiyo inayopokea. Ukiisoma hivyo, karakana ya sanaa haiwi tena tawi la ustawi wa jamii.

Karakana ya watu wenye ulemavu inayojulikana zaidi nchini iko Iringa. Neema Crafts ilianza mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kwa juhudi za msanii Mwingereza Susie Hart, na ilianza na vijana watatu viziwi wakitengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Walikichemsha, wakakisafisha, wakakitandaza kwenye vyekecheo, wakakianika. Ikakua hadi kuwa na zaidi ya watu 100, ikaongeza ufumaji, shanga, ushonaji na uchapaji wa vitambaa, pamoja na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi.

Huo mgahawa ndio unaonivutia kuliko karatasi. Mteja anayesikia anapoingia anakuta utaratibu umeshapangwa: anaandika anachotaka, anajifunza ishara mbili tatu za kuomba chai na kushukuru. Akipiga kelele hasaidiki. Kwa nusu saa yeye ndiye asiyejua lugha ya mahali, naye anasaidiwa kwa upole na mhudumu aliyezoea wageni wa aina yake. Hakuna hotuba iliyotolewa. Meza, kalamu na ukuta wenye michoro ya alama vimefanya kazi ambayo mabango ya “tuwajali wenye ulemavu” hayajaifanya kwa miaka mingi. Ulemavu umeonekana ulivyo, yaani jambo linalotokea kati ya mwili na mpangilio wa chumba.

Iringa haiko peke yake. Mombasa kuna Bombolulu, iliyoanza mwaka 1969 na inayoendeshwa na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya: vito, ngozi, ushonaji, uchongaji. Arusha, kwenye shamba la kahawa la Burka, kuna Shanga, ambako chupa zilizotupwa zinayeyushwa kuwa glasi mpya na shanga. Dar es Salaam kumekuwa na Wonder Welders, waunganisha vyuma waliozifanya nati na minyororo mibovu kuwa ndege na kobe.

Nimezipanga pamoja, lakini swali linalozitenganisha karakana za aina hii, hapa na kwingineko, ni moja: nani anaamua? Kushirikiana kuna namna mbili. Iko ile ya mafundi wanaopokezana kazi huku kila mmoja akiwa na neno juu yake. Na iko ile ambayo mbunifu, mara nyingi kutoka nje ya mji au nje ya nchi, anachora sampuli, anachagua rangi zitakazopendwa na watalii, kisha watu 30 wanaitoa nakala. Namna ya pili inalipa mishahara, na mshahara si jambo dogo kwa mtu ambaye mwaka jana alifungiwa ndani. Lakini imegawanya kichwa na mkono, na ukiangalia vizuri, mwenye ulemavu amepewa mkono. Kama mkono wake nao haufai kwa kazi hiyo, anapewa kazi ya tatu, ya kuwa sura: picha yake inawekwa kwenye kikaratasi cha bei, akitabasamu, ili bidhaa iuzike.

Kikaratasi hicho kinaua vitu viwili. Kinaua bei, kwa sababu anayenunua kwa huruma ananunua kimoja, hajadili na harudi. Na kinaua jina. Mchoraji wa Tingatinga, hata anaporudia chui yuleyule kwa mara ya mia, anatia saini yake pembeni. Ushirika wao ulioandikishwa mwaka 1990 haukulifuta jina la mtu. Lakini bidhaa za karakana nyingi za wenye ulemavu zinauzwa kwa jina la kituo, na chini yake maneno ya jumla, “kazi ya watu wenye ulemavu”, kana kwamba ulemavu wenyewe ndio ulioketi ukafuma. Huku Lilanga anaulizwa kama alistahili saini, huku wengine hawaulizwi kama wanaitaka. Ukichunguza, ni kosa moja.

Kuna hatari nyingine ya kuwategemea wapita njia. Watalii walioingia Tanzania walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, walikuwa kama 620,000. Duka linalouza huruma kwa wageni halina pa kukimbilia ndege zisipotua.

Mfano wa kushirikiana uliopangwa kinyume tunaupata Kinshasa, na ni wa muziki. Staff Benda Bilili ilijengwa na wanaume waliopata polio utotoni, wakisafiri kwa baiskeli za matairi matatu walizozirekebisha wenyewe, wakifanya mazoezi kwenye viwanja vya bustani ya wanyama ya jiji. Ricky Likabu na wenzake ndio waliokuwa wazee wa bendi. Walimchukua kijana wa mtaani asiye na ulemavu, Roger Landu, aliyekuwa akipiga ala aliyoibuni mwenyewe kwa kopo, kijiti na uzi mmoja wa waya, wakamlea ndani ya bendi. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 2009, filamu kuwahusu ikaonyeshwa Cannes mwaka 2010. Waliotoa msaada hapo ni wenye ulemavu, na aliyesaidiwa ni mzima wa miguu. Bendi ilivunjika mwaka 2013 kwa ugomvi wa uongozi na fedha, kama bendi nyingi za Kinshasa. Hata hilo nalihesabu kama usawa: waligombana kama wanamuziki.

Lakini Likabu aliongea, aliimba, alidai chake. Vipi kuhusu mtu asiyezungumza kabisa, au mwenye ulemavu wa akili, ambaye hatutajua kwa maneno anataka nini? Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu kweli, na ndipo karakana za Afrika Mashariki ninazozijua zimefanya kidogo zaidi. Nyingi zinapokea mguu na sikio. Akili zinaiachia familia.

Kwa hiyo inabidi kutazama mbali. Oakland, California, mwaka 1974, Florence na Elias Katz walianzisha Creative Growth, studio ya watu wazima wenye ulemavu, wengi wao wakiwa wametoka kwenye majumba ya kufungiwa au ni watu ambao wangepelekwa huko. Judith Scott alifika hapo mwaka 1987. Alikuwa na hali ya Down, na alikuwa kiziwi, jambo ambalo kwa miaka mingi halikutambuliwa: utotoni alipimwa kwa maswali ya kuulizwa kwa mdomo, hakujibu, akaandikwa kuwa hafundishiki, akakaa taasisini miaka 35 hadi pacha wake alipomtoa. Pale studioni alipewa rangi, na kwa muda mrefu hazikumvutia. Alipokutana na nyuzi, akaanza kuvifunga vitu: vijiti, magurudumu, chochote alichokiokota, akivizungushia uzi mpaka vikawa maumbo makubwa yasiyofanana na kitu. Kazi zake sasa ziko katika makumbusho makubwa ya sanaa.

Walichofanya wafanyakazi wa studio kwa Scott ni kidogo na ni kikubwa. Walinunua uzi. Walimwachia meza. Hawakumsahihisha, na yeye ndiye aliyeamua kazi imekwisha, kwa kuisukuma kando. Kidogo, maana hawakugusa kazi. Kikubwa, maana kila uzi usionunuliwa ni rangi ambayo tayari wamemkatalia. Msaidizi wa studio ana mamlaka asiyoyaona: anachokiweka mezani asubuhi kimeshaamua nusu ya picha. Ndiyo sababu napinga wanaosema msaidizi mwema ni yule asiyeingilia. Hakuna asiyeingilia. Kuna anayejua anaingilia wapi na anayekubali kuulizwa.

Desemba 2025 Nnena Kalu, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1966 kwa wazazi Wanaijeria, alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya kisasa ya Uingereza. Ana usonji na ulemavu wa akili, huongea kidogo mno, naye ndiye wa kwanza mwenye ulemavu wa namna hiyo kuipata. Anafunga kamba, vitambaa na utepe wa kanda za video kuwa mafundo makubwa yanayoning'inia, na anachora mizunguko juu ya mizunguko, karatasi mbili tatu zikifuatana kwa mdundo uleule. Nyuma yake iko ActionSpace, shirika la London, na msaidizi wake wa tangu mwaka 1999, Charlotte Hollinshead, ambaye ndiye aliyesema kwa niaba yake usiku wa tuzo. Jina lililosomwa ni la Kalu. Jina la msaidizi halikufichwa. Miaka zaidi ya 25 pamoja: muda huo ndio uliompa msaidizi uwezo wa kutofautisha kukataa na kuchoka. Hakuna mradi wa miaka mitatu unaoweza kununua ujuzi huo, na karibu miradi yetu yote ni ya miaka mitatu.

Tukirudi kwenye sheria zetu, tuna zana nzuri kuliko tunavyozitumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua kazi iliyotungwa na watu kwa pamoja, na inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye mtunzi. Kutaja jina, basi, si hisani ya mkurugenzi wa kituo. Karakana inaweza kuandika mapema, kwa maneno au kwa picha zinazoeleweka na wote, nani amebuni, nani amejaza, nani anatajwa na nani analipwa nini. Lilanga angekuwa na daftari la namna hiyo, wauzaji wa Ulaya wangepata kazi nyingine ya kufanya.

Mtaji nao upo, ingawa una kona zake. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Tatizo kwa karakana ya pamoja ni kwamba mafungu yamegawanywa kwa aina ya watu. Kiziwi anayechora, jirani yake anayesikia na mama anayefinyanga vyungu wakitaka kuwa kitu kimoja, wanalazimika kuchagua waingie kwa mlango upi, na wengine wajifiche nyuma ya mwenye sifa. Tumeweka utengano wa Mwanga na Lushoto ndani ya fomu ya mkopo.

Nikiulizwa karakana ya pamoja ingekaaje Same, huku Upareni, ningeanza na ardhi. Mbaga na Mamba ni pazuri kwa macho na pabaya kwa magurudumu: njia zinapanda kwa mawe, na mvua ikinyesha hata aliye na miguu miwili anakaa nyumbani. Tambarare, iwe Maore au Ndungu au Same mjini, mtu wa baiskeli ya magurudumu matatu anafika mwenyewe, bila kubebwa mgongoni kama mzigo. Udongo ushuke kutoka milimani. Mkonge na ukindu viko chini. Lugha ya alama isingoje mkalimani wa semina. Viziwi waliosoma Mwanga wako vijijini, nao wangekuwa walimu wa lugha hiyo kwa wenzao wanaosikia, kwa malipo.

Na soko lingekuwa la hapahapa. Wasanii wasiopita chuo wa mji kama Same wanajulikana na kila mtu, ila hatuwaiti wasanii: ni wale wanaochora vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za saluni, samaki na kuku kwenye migahawa, ramani ya Afrika kwenye ukuta wa shule ya msingi, aya kwenye bodi la lori. Hawauzi huruma. Mwenye saluni anataka bango linalovutia kuliko la mwenzake wa ng'ambo ya barabara, na hajali aliyelichora anasikia au hasikii, mradi herufi zimenyooka. Bei inajadiliwa kwa ukali, kama inavyotakiwa. Watu wawili watatu wanafanya kazi kwa pamoja, mmoja juu ya ngazi, mmoja chini anachanganya rangi, na asiyeweza kupanda ngazi anaweza kuwa ndiye mwenye mchoro.

Hata huko wizi wa jina ungeingia, kwa njia ndogo sana. Pembeni ya kila bango fundi huandika namba ya simu. Mchoraji kiziwi hawezi kupokea simu, hivyo inaandikwa namba ya rafiki anayesikia. Wateja wanampigia rafiki, wanamzoea, wanapatana naye bei, na baada ya mwaka mmoja mji mzima unajua kuwa rafiki ndiye fundi na yule mwingine ni msaidizi wake. Hakuna aliyekusudia. Dawa yake ni bei ya tone la rangi: chini ya jina la mchoraji iandikwe namba yake mwenyewe, na mbele ya namba maneno matatu, meseji tu, usipige.